Mtangazaji na Neno: Kazi ya Chouchou Namegabe katika Redio ya Kiswahili Mjini Bukavu

1.0 Utangulizi

Wanaisimu wa Kiswahili wana desturi ya kumtaja mtangazaji pale wanapotaka mfano. Akikosea upatanisho wa kisarufi, hutajwa kuwa mharibifu wa lugha. Akitamka vizuri, husifiwa kuwa mlinzi wa usanifu. Kazi yake yenyewe, yaani namna anavyouliza, anavyochagua maneno na anavyobeba matokeo ya uchaguzi huo, haielezwi mara nyingi. Makala haya yanakusudia kueleza maisha na kazi ya mtangazaji mmoja wa mji wa Bukavu, mkoa wa Kivu ya Kusini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mtangazaji huyo ni Chouchou Namegabe. Hoja inayotetewa ni kwamba sehemu muhimu ya kazi yake ilikuwa kazi ya lugha: kutafuta neno la Kiswahili la kutajia tendo ambalo jamii ililijua vizuri lakini haikuwa na namna ya kulisema hadharani.

Kabla ya kumfikia, inafaa kutofautisha aina mbili za waendesha vipindi. Aina ya kwanza ni ya michezo ya chemshabongo. Wanachuo wengi wa Afrika ya Mashariki wanaukumbuka mchezo wa televisheni wa Celtel Africa Challenge, ulioanza mwaka 2007 na baadaye kuitwa Zain Africa Challenge. Uliwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu vya nchi kadhaa mbele ya mwendesha kipindi mmoja, mwigizaji na mwandishi wa Kenya, John Sibi-Okumu. Katika shule za Kongo yapo mashindano ya namna hiyo hiyo yajulikanayo kwa jina la Génies en herbe, ambayo asili yake ni Kanada. Michezo hii inafanana kwa mambo mawili. Kwanza, mwuliza swali anajua jibu kabla hajauliza, na kazi yake ni kupima kama mshindani analijua pia. Pili, michezo hiyo imeendeshwa kwa lugha iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni, Kiingereza kwa ule wa kwanza na Kifaransa kwa huu wa pili.

Aina ya pili ni ya mwendesha kipindi anayeuliza swali ambalo jibu lake hana. Anamwuliza mama wa kijijini yaliyompata, au anawauliza wakazi wa mtaa wanaionaje kodi mpya. Huyu halazimiki kutumia lugha ya shule. Analazimika kutumia lugha ya anayeulizwa. Namegabe ni wa aina hii ya pili, na mji alimofanyia kazi yake unahitaji maelezo.

2.0 Bukavu na Kiswahili chake

Bukavu upo kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, mahali mto Ruzizi unapotoka ziwani na kuwa mpaka na Rwanda. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji uliitwa Costermansville. Umejengwa juu ya vilima na rasi zinazoingia ziwani, na wakazi wake wamegawanyika katika mitaa mikubwa ya Ibanda, Kadutu na Bagira. Lugha ya wenyeji wa eneo hilo ni Mashi. Hata hivyo, mjini hukutana pia wasemaji wa Kihavu kutoka Idjwi na Kalehe, wa Kilega kutoka Mwenga na Shabunda, wa Kifuliiru kutoka Uvira na wa Kibembe kutoka Fizi. Lugha inayowaunganisha sokoni, kanisani na mtaani ni Kiswahili.

Kiswahili hicho hakikuja kwa njia moja. Kilitangulia na misafara ya biashara ya karne ya 19 iliyoweka vituo Nyangwe na Kasongo katika Maniema. Kilitumiwa na wamisionari na watawala wa kikoloni, kisha kikakuzwa na miji yenyewe. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakitambua kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Maana yake ni kwamba sheria huandikwa kwa Kifaransa na watu huhukumiwa kwazo wakiwa wanaishi kwa Kiswahili.

Msemaji wa Kiswahili cha Bukavu hutofautisha usemi wa mtaani na kile kinachoitwa Kiswahili bora. Katika usemi wa mtaani husikika batu badala ya watu, bintu badala ya vitu, mutoto badala ya mtoto, ku soko badala ya sokoni, na kiambishi bu- pale ambapo Kiswahili sanifu kina u-, kama katika bukubwa na bulozi. Kiswahili bora ni kile cha mahubiri, cha vitabu vya dini na cha darasa la kwanza. Vijana nao wana mtindo wao: Didier Goyvaerts aliuchunguza mseto wa Indoubil wa Bukavu katika makala yake ya mwaka 1988, na mwaka 1995 akaeleza jinsi Lingala, lugha ya jeshi na ya muziki, ilivyokuwa ikiingia mjini humo. Kwa hiyo mtangazaji wa Bukavu anapofungua kinywa anakuwa tayari amechagua. Akisema Kiswahili bora kabisa, ataonekana kama padri. Akisema cha mtaani kabisa, wazee watasema redio imekosa adabu.

3.0 Kutoka mwanagenzi hadi mtangazaji

Kwa miaka mingi redio katika Zaire ilikuwa mali ya serikali. Mambo yalianza kubadilika baada ya hotuba ya Rais Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990 iliyofungua mlango wa vyama vingi. Mwaka 1993 mashirika ya kiraia ya Kivu ya Kusini yalianzisha Radio Maendeleo mjini Bukavu. Jina lenyewe linastahili kuangaliwa: si la Kifaransa wala la Kimashi, bali ni la Kiswahili sanifu, na ni neno lililotawala siasa za Tanzania tangu miaka ya 1960. Shabaha ya kituo hicho ilikuwa kuzungumza na wakulima, wachuuzi na akina mama kuhusu mambo yanayowahusu, na kuwapa nafasi ya kusikika wao wenyewe.

Namegabe aliingia katika kituo hicho mwaka 1997 akiwa mwanagenzi. Mji ulikuwa umetoka tu katika vita vya kwanza: mwezi Oktoba 1996 Bukavu ulitekwa na majeshi yaliyokuja kumwondoa Mobutu, na katika siku hizo hizo aliuawa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa. Mwezi Agosti 1998 vita vya pili vilizuka, na mji ukawa chini ya kundi la Rassemblement Congolais pour la Démocratie, RCD, lililoungwa mkono na Rwanda. Ndivyo ilivyotokea kwamba msichana aliyekuja kujifunza kazi ya redio alijifunza kwanza gharama yake. Mwaka 1999 Radio Maendeleo ilifungwa kwa amri ya watawala hao, na mkurugenzi wake, Kizito Mushizi, akawekwa kizuizini.

Kituo kilifunguliwa, kisha kikafungwa tena mwezi Desemba 2002. Sababu ya mara hii ya pili inafundisha. Redio ilikuwa imewauliza wakazi maoni yao kuhusu namba mpya za magari ambazo watawala waliwataka wenye magari wazinunue. Swali lilikuwa dogo, wala halikumtaja adui wala vita. Lakini mwendesha kipindi aliuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake mkononi, wakazi wakajibu kwa lugha yao, na jibu hilo likasikika mji mzima. Hapo ndipo inapoonekana tofauti iliyotajwa katika utangulizi. Swali la chemshabongo likijibiwa vibaya, mshindani hupoteza alama. Swali la Bukavu lilipojibiwa kwa ukweli, kituo kilinyimwa hewa.

4.0 Neno lililokosekana

Vita hivyo viliambatana na ukatili mkubwa dhidi ya wanawake na wasichana. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Dakta Denis Mukwege kusini mwa mji mwaka 1999, ilikusudiwa kwanza kuhudumia akina mama wajawazito, lakini ikajikuta ikiwapokea wanawake waliojeruhiwa kwa kuingiliwa kwa nguvu na watu wenye silaha. Jambo hili lilijulikana katika kila kata, lakini halikusemwa redioni. Kutaja viungo vya uzazi au tendo la ndoa hadharani kulihesabiwa kuwa matusi, na redio huingia sebuleni ambamo baba, mkwe na watoto wanasikiliza pamoja.

Namegabe na wenzake walipoamua kulizungumzia walikumbana na tatizo la msamiati. Namegabe ameeleza kwamba hawakuwa na neno la kulitajia tendo hilo katika lugha waliyoitumia, na kwamba walilazimika kuliazima neno ubakaji kutoka Kiswahili cha Tanzania. Taarifa hiyo fupi inahitaji kuchambuliwa, kwa sababu msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kushangaa neno la kawaida kama hilo linawezaje kukosekana.

Bila neno hilo, msemaji wa Kiswahili ana njia nne za kulitaja jambo lenyewe, na kila moja ina kasoro yake. Njia ya kwanza ni ya tasfida pamoja na kielezi: kulala na mwanamke kwa nguvu, kumchukua kwa nguvu. Katika muundo huu kitenzi kinabaki kuwa kile kile cha tendo la hiari, na ukatili wote unaachiwa kielezi kwa nguvu, kana kwamba ni tendo moja lililofanywa kwa namna tofauti. Tena kumchukua kwa nguvu kuna utata. Katika vijiji vya Kivu watu wengi walichukuliwa kwa nguvu: vijana kuingizwa katika makundi ya wapiganaji, wanaume kubebeshwa mizigo ya askari, wanawake kupelekwa porini. Msikilizaji akiambiwa kwamba wanawake wamechukuliwa kwa nguvu hajui ameambiwa lipi.

Njia ya pili ni kitenzi haribu. Msichana huyo ameharibiwa, husemwa. Hapa tendo linatajwa kwa matokeo yake, na matokeo hayo yanawekwa juu ya msichana. Kitu kilichoharibika hakina thamani tena; kwa hiyo sentensi hiyo, hata ikisemwa kwa huruma, inatoa hukumu. Njia ya tatu, najisi, inakaribia hiyo. Neno hili lenye asili ya Kiarabu linahusu uchafu wa kidini. Aliyenajisiwa ametiwa uchafu, na mchafu hutengwa. Katika jamii ambamo wanawake wengi walifukuzwa na waume zao baada ya kupatwa na mkasa huo, mtangazaji anayetumia neno linalomtaja mhanga kuwa mchafu anaunga mkono kufukuzwa kwake bila kukusudia.

Njia ya nne ni kuchanganya ndimi, yaani kuchomeka neno la Kifaransa viol katika sentensi ya Kiswahili. Njia hii ni rahisi kwa msomi wa mjini na inampa kinga, maana neno la kigeni halichomi masikio kama la nyumbani. Lakini mama wa Walungu au Kabare asiyejua Kifaransa anabaki nje ya mazungumzo yanayomhusu yeye.

Neno ubakaji halina kasoro hizo. Limeundwa kwa shina la kitenzi baka, kiambishi tamati -aji na kiambishi awali u-, kama ilivyo katika uwindaji, ulipaji na uchimbaji. Kutokana na shina hilo hilo hupatikana mbakaji, mtenda, katika ngeli ya watu. Kwa kuwa ni kitenzi kamili, hunyambulika: alibaka, alibakwa, waliobakwa. Kwa mara moja mtangazaji anapata jina la tendo, jina la mtenda na namna ya kumtaja aliyetendewa bila kumwita mchafu wala mharibika. Kwa maneno mengine, lawama inahama kutoka kwenye mwili wa mwanamke na kwenda kwa aliyefanya kosa. Mabadiliko hayo hayaletwi na hotuba ya mtangazaji. Yamo ndani ya mofolojia ya neno lenyewe.

Umbo la neno nalo lina maana yake ya kijamii. Kiambishi u-, kisichogeuzwa kuwa bu-, kinalitambulisha kuwa neno la Kiswahili bora. Ni neno lenye heshima ya kitabu, na bado si la Kifaransa. Ugeni wake ulisaidia kwa namna nyingine pia: kwa kuwa halikuwa limetumiwa katika matusi ya mtaani, liliweza kusemwa sebuleni bila kumwaibisha mkwe. Tatizo la lugha ya mwiko lilitatuliwa kwa kuazima ndani ya lugha ile ile, kutoka lahaja moja hadi nyingine.

Huko Tanzania neno hilo lilikuwa limepitia safari yake. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987 na wanahabari akiwamo Fatma Alloo, kiliendesha kampeni za muda mrefu dhidi ya ukatili wa kijinsia, na kampeni hizo zilichangia kutungwa kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Kwa hiyo neno lililovuka ziwa kwenda Bukavu halikuwa la kamusi tu. Lilikuwa limeshatumiwa na wanahabari wanawake wengine katika kazi inayofanana.

5.0 Kazi nje ya studio

Mwaka 2003, wakati serikali ya mpito ilipokuwa ikiundwa Kinshasa, Namegabe aliongoza kuanzishwa kwa chama cha wanahabari wanawake wa Kivu ya Kusini, Association des Femmes des Médias du Sud-Kivu, AFEM. Chama hicho kiliwafundisha wanawake kazi ya redio: kurekodi, kuhoji, kuhariri na kutangaza. Kiliandaa vipindi vilivyorushwa na vituo vya mkoa, na kiliwafikia wasikilizaji wa vijijini kwa vikundi vya kusikiliza redio kwa pamoja.

Umuhimu wa vikundi hivyo kwa mtaalamu wa lugha ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Neno jipya likisikika redioni mara moja hupita kama upepo. Likijadiliwa na watu kumi waliokaa pamoja, mmoja akamwuliza mwenzake maana yake, mwingine akalitafsiri kwa Mashi au Kilega, hupata mizizi. Mabaraza ya lugha hutoa orodha za istilahi, na nyingi hubaki kwenye orodha hizo. Ubakaji halikupelekwa Bukavu na baraza lolote. Lilipelekwa na watu waliolihitaji wiki hiyo hiyo.

Kuna pia upande wa sheria. Tarehe 20 Julai 2006 Kongo ilipata Sheria namba 06/018, iliyorekebisha kanuni ya adhabu ya mwaka 1940 kuhusu ukatili wa kingono. Sheria hiyo ilipanua maana ya kosa hilo, ikatambua kwamba hata mwanamume anaweza kutendewa, na ikataja makosa kama utumwa wa kingono na ndoa ya kulazimishwa. Imeandikwa kwa Kifaransa. Mwanamke anayetaka kushtaki anahitaji kwanza kujua kwamba yaliyompata yana jina, na kwamba jina hilo ni la kosa la jinai wala si la aibu ya ukoo. Hapo mtangazaji anakuwa mfasiri wa sheria, ingawa hakuajiriwa kwa kazi hiyo.

Mwezi Mei 2009 Namegabe alitoa ushahidi mbele ya kamati ndogo za Seneti ya Marekani kuhusu ubakaji unavyotumiwa kama silaha ya vita mashariki mwa Kongo. Mwaka huo huo alitunukiwa Knight International Journalism Award. Tuzo kama hizo huelezwa kwa kawaida kuwa kilele cha maisha ya mwanahabari. Kwa makala haya jambo la kuangaliwa ni lingine: yaliyosemwa Washington mwaka 2009 yalikuwa yameshasemwa Bukavu kwa Kiswahili miaka kadhaa kabla, mbele ya wasikilizaji ambao wangeweza kumjua msemaji anapopita njiani.

6.0 Gharama ya sauti

Haifai kueleza kazi hii bila kutaja hatari yake. Mtangazaji wa redio katika mji kama Bukavu hana kioo cha kumficha. Sauti yake inajulikana, na nyumbani kwake panajulikana. Tarehe 13 Juni 2007 Serge Maheshe wa Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa iliyoanza kutangaza mwaka 2002 kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, aliuawa kwa risasi jioni mjini humo. Marafiki zake wawili walioshuhudia mauaji hayo walihukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi, kisha wakaachiwa katika rufaa mwaka 2008. Tarehe 21 Novemba 2008 mwenzake wa kituo hicho hicho, Didace Namujimbo, aliuawa pia kwa risasi.

Mwezi Septemba 2009 zamu ya vitisho iliwafikia wanawake. Caddy Adzuba na Delphie Namuto wa Radio Okapi, pamoja na Jolly Kamuntu wa Radio Maendeleo, walitumiwa ujumbe wa simu wa kuwatishia kifo. Adzuba, mwanasheria mzaliwa wa Bukavu na mwanachama wa AFEM, aliendelea na kazi ya kuwasemea wanawake wa vita, na mwaka 2014 alipewa Hispania tuzo ya Mwana wa Mfalme wa Asturias katika fungu la maelewano.

Hatari hiyo ina athari zake katika sarufi ya habari. Ilisemwa hapo juu kwamba shina baka linampa mtangazaji neno mbakaji, yaani jina la mtenda. Lakini Kiswahili kina kauli ya kutendwa inayoruhusu mtenda aachwe: wanawake kumi walibakwa. Sentensi imekamilika kisarufi, na hakuna aliyetajwa. Mwalimu wa uandishi wa habari atasema kwamba sentensi hiyo ina upungufu, maana haielezi ni nani aliyefanya. Mtangazaji wa Bukavu anajua upungufu huo kuliko mwalimu wake. Anajua pia kwamba kuongeza maneno mawili tu, na askari wa fulani, kunaweza kumgharimu maisha, yeye au mama aliyemhoji. Kwa hiyo mara nyingine kauli ya kutendwa humkinga mtenda, na mara nyingine humkinga shahidi. Mhakiki asiyejua ni nani anayekingwa hana haki ya kuhukumu sentensi hiyo.

Vivyo hivyo kuhusu majina ya waliohojiwa. Sauti ya mama inaweza kutambulika kijijini hata jina lake likifichwa. Mtangazaji anayemwomba mwanamke asimulie anamwomba achukue hatari ambayo mtangazaji mwenyewe hawezi kuimaliza. Ndiyo maana kazi hii haiwezi kupimwa kwa wingi wa shuhuda zilizorushwa hewani. Inapimwa pia kwa zile ambazo mtangazaji aliamua zisirushwe.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kazi ya mtangazaji mmoja kwa kuitazama kupitia neno moja. Haidaiwi kwamba neno lilizuia tendo. Vita vya Kivu vimeendelea kwa sura mbalimbali. Kikosi cha Umoja wa Mataifa kiliondoka Kivu ya Kusini mwezi Juni 2024, na mwezi Februari 2025 mji wa Bukavu ukaingia mikononi mwa waasi wa M23, hali iliyowarudisha wanahabari wake katika hofu walizozijua tangu mwaka 1998. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi, nacho ni hiki: kabla ya neno, mwanamke aliyetendewa hivyo alikuwa ameharibika au amenajisika, baada ya neno, kulikuwa na mbakaji. Tofauti hiyo inaweza kusikika katika kila sentensi inayotamkwa.

Kwa wataalamu wa Kiswahili kuna mafunzo matatu. Kwanza, uhusiano kati ya Kiswahili cha Kongo na kile cha Tanzania na Kenya umezoeleka kuelezwa kwa mizani ya usahihi, upande mmoja ukiwa na lugha safi na mwingine ukiwa na lugha iliyoharibika. Mfano huu unaonyesha uhusiano wa namna nyingine, ambamo lahaja moja huchota kutoka nyingine kile inachokihitaji na kuacha kingine. Watangazaji wa Bukavu hawakuacha Kiswahili chao ili wapate neno ubakaji. Walilitia ndani yake. Pili, kamusi zinazoandaliwa sasa, baada ya Kongo kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, hazina budi kuonyesha si maana za maneno tu, bali pia njia yaliyopita na watu waliyoyapitisha. Tatu, kanda za vipindi vya redio za miaka ya vita ni hazina ya lugha. Ndani yake kuna usemi wa wakulima, wachuuzi na akina mama ambao haujaandikwa popote. Vituo vilivyofungwa mara kwa mara, na mitambo yake kunyang'anywa au kuharibiwa, hupoteza kumbukumbu kwa urahisi. Vyuo vikuu vya eneo hili vingefanya kazi yenye manufaa kama vingeshirikiana na watangazaji kuzihifadhi kanda hizo, kwa masharti ambayo waliozungumza ndani yake watayakubali.

Mwendesha chemshabongo akimaliza kipindi huifunika karatasi yake, kwa kuwa majibu yote yamekwisha kutajwa. Maswali yaliyoulizwa na redio za Bukavu bado hayajapata majibu, na wengine waliojaribu kuyajibu hawako hai. Lakini yanaulizika, kwa Kiswahili, na neno la kuyaulizia lipo.